UZI: Kufungia rekodi ya jinai Massachusetts bila wakili (soma kabla hujamlipa mtu, na kabla hujatuma fomu)

Mto_Merrimack (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa walioko Massachusetts: Lowell, Worcester, Lynn, Springfield na kwingineko. Wa majimbo mengine someni kwa faida, lakini msichukue fomu za huku mkapeleka kwenu, kila jimbo na sheria yake.

Kilichoniudhi hadi nikaandika ni kwamba kuna mtu huku kwetu anawatoza wenzetu mamia ya dola "kuwasafishia CORI", yaani kuwafungia (seal) rekodi yao ya jinai ya jimbo isionekane na waajiri wa kawaida. Si wakili. Anapakua fomu kutoka tovuti ya serikali, anakujazia jina na tarehe ya kuzaliwa, anaituma Boston. Serikali yenyewe haitozi hata senti kwa ombi hilo! Kuna dada amemlipa, ombi likakataliwa kwa kuwa muda wake ulikuwa haujatimia, na hela zake ndiyo basi tena.

Mimi nilikuwa na kesi mbili za zamani. Moja nilitiwa hatiani kwa kosa dogo, nyingine ilifutwa. Zote nimezifungia mwenyewe. Nitaeleza nilivyokwenda, halafu mwishoni kuna onyo. Kama huna uraia, ruka yote uanze na hilo onyo.

Cha kwanza, agiza CORI yako mwenyewe kutoka DCJIS, ile idara ya jimbo inayotunza kumbukumbu za jinai. Ni dola 25, na kama kipato chako ni kidogo kuna hati ya kiapo unayojaza ili usamehewe. Usitegemee kichwa chako. Usiku mmoja wa ugomvi unaweza kuwa umezaa mashitaka matatu kwenye karatasi, na kila moja likawa na mwisho wake: hili limefutwa, hili faini, hili CWOF (kesi inaahirishwa bila kutamkwa hatia, ukimaliza masharti inafutwa). Bila kuuona mwisho wa kila shitaka hujui uchukue njia ipi.

Njia ni mbili.

Ya kwanza ni ya posta, kifungu 100A cha sura ya 276 ya sheria za jimbo. Hii ni ya mtu aliyetiwa hatiani na muda umepita: miaka 3 kwa makosa madogo, miaka 7 kwa makosa makubwa. Unahesabu tangu ulipotiwa hatiani au ulipotoka kifungoni, lile lililokuja mwisho. Zamani ilikuwa miaka 5 na 10. Ilipunguzwa na sheria ya mageuzi aliyoitia saini gavana Charlie Baker Aprili 2018, na sehemu hiyo ikaanza kazi Oktoba mwaka huohuo. Katika kipindi hicho cha kusubiri usiwe umetiwa hatiani tena popote, iwe jimbo hili, jimbo lingine au mahakama ya shirikisho. Tiketi ndogo za barabarani hazikuharibii. Unajaza fomu, unasaini chini ya kiapo cha kusema kweli, unatuma kwa Kamishna wa Probesheni, Boston. Hakuna jaji wala kusimama mbele ya mtu. Na hili wengi hawalijui: ukiwa umetimiza masharti, kamishna hana hiari ya kukukatalia. Sheria inamlazimisha. Sasa mtu anakutoza mamia ya dola "kukuombea" kitu ambacho hakiombwi kwa kubembeleza, kwa nini?

Ya pili ni ya jaji, kifungu 100C. Hii ni ya kesi ambayo haikuishia hatiani: ilifutwa, au mwendesha mashtaka aliiondoa. Hapa husubiri miaka. Unapeleka ombi kwa karani wa mahakama ileile iliyosikiliza kesi, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini unaomba, tangazo linabandikwa mahakamani, unapangiwa siku. Jaji ana hiari. Ila tangu hukumu ya kesi ya Pon, mahakama ya juu ya jimbo, mwaka 2014, mlango umepanuka sana. Kabla ya hapo ulitakiwa ulete ushahidi wa madhara mahususi uliyopata. Siku hizi jaji anatazama picha nzima: rekodi inakukwamishaje au inaweza kukukwamishaje, umebadilika vipi, muda gani umepita, mazingira ya kosa lenyewe.

Kesi iliyofutwa unaweza pia kuifungia kwa posta ukisubiri ile miaka 3 au 7. Kwa jaji unakwenda kama una haraka. Mimi nilikuwa na haraka, kuna kazi ilikuwa inaningoja.

Baada ya hapo mwajiri akikuuliza kwenye fomu ya kazi, sheria inakuruhusu kujibu "sina rekodi". Polisi na mahakama bado wanaona, na idara zinazoshughulikia watoto zina milango yao.

SASA ONYO. Kufungia kwa Boston hakufiki Washington. Uhamiaji wanaona alama zako za vidole kupitia FBI, na fomu ya uraia, N-400, inakutaka useme kila ulipokamatwa au kushitakiwa hata kama rekodi imefungiwa au imefutwa kabisa. Kisha watakudai nakala za mahakama zenye muhuri, zinazoonyesha kesi iliishaje. Ukiwa umeshafungia, karani akiulizwa dirishani jibu lake ni "hakuna rekodi", nawe unaanza kuhangaika kuomba karatasi za kesi yako mwenyewe huku afisa wa uhamiaji amekupa tarehe.

Kwa hiyo KABLA hujatuma fomu yoyote, nenda kwa karani ukachukue nakala zilizothibitishwa za kila kesi. Chukua zaidi ya moja, ada yake ni ndogo. Ziweke pale unapoweka pasipoti. Kama una grin kadi, TPS (hifadhi ya muda), ombi la hifadhi, chochote kisicho uraia, ongea na wakili wa uhamiaji kwanza. Fomu ya kufungia haihitaji wakili. Uhamiaji unamhitaji.

Karibuni kwa maswali.

---

MamaZamuYaUsiku

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Mimi ni CNA (msaidizi wa wauguzi), nafanya usiku. Mwaka 2018 tulikosana na wifi yangu, akaita polisi. Wakili wa utetezi niliyepewa na mahakama akaniambia nichukue CWOF, nikae probesheni mwaka mmoja halafu kesi itafutwa, "you have no conviction" (hukutiwa hatiani) ndivyo alivyosema. Nikakaa, ikafutwa 2019. Lakini ejensi mbili zimenikataa baada ya kuchungulia CORI. Mwakani nataka kuomba uraia. Mimi naingia njia gani?

---

Mto_Merrimack

@MamaZamuYaUsiku pole dada. Kwa upande wa jimbo unaweza kutumia njia ya pili, kwa jaji, kwa kuwa CWOF ikimalizika vizuri inahesabiwa kuwa kesi iliyofutwa; na kama lilikuwa kosa dogo, miaka 3 imeshapita, hata ya posta inakufaa. Na ejensi kukuona ni kweli: mwajiri wa kawaida anaonyeshwa hatia tu, za makosa madogo kwa miaka 5 na makubwa kwa 10, pamoja na kesi zinazoendelea, lakini wanaohudumia wazee, wagonjwa na watoto wana ruhusa pana zaidi.

Upande wa uhamiaji naomba @Mkalimani aje, ndiye aliyenifungua macho.

---

Mkalimani

Nimeitwa, nimekuja. Nimefanya ukalimani mahakamani miaka mingi na hili la CWOF limeumiza watu wetu kuliko jingine lolote ninalolijua.

Dada, wakili wako hakukudanganya kwa sheria ya Massachusetts. Ila sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani, tangu 1996. Inauliza mambo mawili tu: je, ulikiri kosa au ulikubali maelezo yanayotosha kukutia hatiani? Je, jaji alikupa adhabu au kizuizi chochote juu ya uhuru wako? Kwenye CWOF unasimama unakubali kwamba ushahidi unatosha, halafu unapewa probesheni. Yote mawili yametimia. Kwao umetiwa hatiani, na kufutwa baadaye hakubadilishi kitu.

Haimaanishi hutapata uraia. Inategemea kosa, tarehe, na mengine mengi. Inamaanisha usijaze N-400 mwenyewe, na usifungie kabla ya kuwa na jalada lote mkononi. Mwambie wakili wa uhamiaji asome pia yaliyotokea siku ya kukiri. Sheria ya jimbo, sura ya 278 kifungu 29D, inamtaka jaji akuonye kwamba kukiri kunaweza kukuondoa nchini. Na mahakama kuu ya Marekani kwenye kesi ya Padilla, 2010, ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kukueleza jambo hilo. Kama havikufanyika, wakati mwingine inawezekana kuuondoa ule ukiri wenyewe kwa kasoro ya kisheria, na hiyo uhamiaji wanaiheshimu, tofauti na kufungia. Lakini hiyo ni kazi ya wakili. Hapo usihangaike peke yako.

---

Bwana_Mjuaji

Acheni kutisha watu nyie. Sheria imesema wazi ukifungiwa unajibu "sina rekodi". Imeandikwa! Mimi shoplifting yangu nimeifungia na N-400 nitaweka HAPANA. Mtaniambia.

---

Mkalimani

@Bwana_Mjuaji mkuu, soma sentensi yote. Ruhusa hiyo imetolewa na bunge la jimbo, kwa ajili ya fomu za kazi na mambo ya namna hiyo. Bunge la Massachusetts haliwezi kukuruhusu umjibu uongo afisa wa serikali ya shirikisho aliyekuapisha chumbani. Swali la N-400 lenyewe linataja rekodi zilizofungiwa. Hamna mwanya hapo.

Na uchungu wake ni huu: wizi mdogo wa dukani, mara moja, zamani, mara nyingi unaweza kuelezeka. Uhamiaji huuweka kwenye kundi la makosa ya uadilifu, lakini kuna msamaha wa kosa dogo kwa baadhi ya watu. Uongo chini ya kiapo hauna msamaha wa namna hiyo. Utakuwa umechukua kosa linalotetewa ukaligeuza lisilotetewa.

Na usafiri pia angalia. Ukirudi kutoka Nairobi au Dar, afisa wa uwanja wa ndege anaona kile FBI wanachoona. Uliza kabla ya kukata tiketi.

---

Bwana_Mjuaji

Sawa mkuu. Nimeelewa. Basi nitatafuta hizo nakala.

---

DerevaWaLynn

Wakuu, na sisi wa OUI (kuendesha gari umelewa)? Nilikamatwa nimelewa 2015, nikatiwa hatiani, sijarudia. Naweza kufungia?

---

Mto_Merrimack

@DerevaWaLynn kosa la kwanza la OUI ni kosa dogo, miaka 3 imepita zamani. Fomu ya posta. Ila elewa unachofungia ni CORI. Rekodi yako ya udereva iko RMV, idara ya jimbo ya magari na leseni, na hiyo haiguswi. Bima wanaiona. Na ukikamatwa tena, hata baada ya miaka 20, hili la kwanza litahesabiwa, Massachusetts hawasahau OUI maishani. Ukitaka kuendesha gari la kampuni, watavuta ile ya RMV, kwa hiyo usishangae.

---

Chui_Mpole

Kuna makosa yasiyofungika?

---

Mto_Merrimack

Yapo. Mengi ya silaha, kiapo cha uongo, kutoroka kizuizini, rushwa na makosa ya maadili ya watumishi wa umma. Makosa ya kingono yana miaka 15, na aliyewekwa daraja la 2 au la 3 kwenye orodha ya wahalifu wa kingono hafungiwi kabisa. Kukataa kukamatwa zamani kulikuwa kwenye orodha hiyo, tangu 2018 kunafungika, na nawajua wengi wenye shitaka hilo kwa sababu tu walibishana na askari kwa sauti ya kwetu.

---

BintiMzizima

Mleta uzi, fomu tumeelewa. Tueleze siku ya jaji ilikuwaje. Mimi hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

---

Mto_Merrimack

@BintiMzizima ilikuwa fupi kuliko foleni ya kuingilia mlangoni. Jaji alikuwa ameshasoma hati yangu ya kiapo. Akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi, akasema hana. Akaniuliza ninafanya kazi gani sasa na nataka kazi gani. Nikajibu. Akasema ameridhika. Kwisha.

Hati ya kiapo ndiyo kazi. Usiandike "naomba nisaidiwe kwa kuwa mimi ni mtu mwema". Andika vitu: nilikataliwa kazi mahali fulani, mwezi fulani, barua hii hapa. Ninasoma chuo hiki, mafunzo ya vitendo yanaanza lini na hospitali inataka CORI. Nilimaliza programu hii ya ushauri, cheti hiki hapa. Nina watoto, nalipa kodi ya nyumba, mwenye nyumba mpya alinikatalia. Barua ya msimamizi wa kazi ina uzito kuliko ya mchungaji, ingawa ya mchungaji nayo niliiweka.

---

Mkalimani

Niongeze nililoliona mara nyingi kotini. Watu wetu wakipewa nafasi ya kusema wanaanza kuibishania upya kesi. "Mheshimiwa, yule mwanamke ndiye aliyeanza, jirani alikuwepo, polisi hawakuniuliza..." Jaji anatazama saa. Mwendesha mashtaka aliyekuwa hana pingamizi anaanza kufungua faili. Siku hiyo hakuna anayeuliza nani alianza. Wanauliza wewe wa leo unakwamishwa na nini. Jibu hilo, unyamaze.

---

KakaWorcester

Mimi nimefungia tangu mwaka jana, barua ya probesheni ninayo, lakini kampuni ya kuchunguza rekodi bado inamwonyesha mwajiri kesi yangu. Imekuwaje?

---

Mto_Merrimack

@KakaWorcester kampuni binafsi zinanunua data na kuihifadhi, hazijui kama umefungia mpaka uzibane. Mwambie mwajiri akupe nakala ya ripoti, hiyo ni haki yako chini ya sheria ya shirikisho ya ripoti za wateja. Iandikie kampuni kwamba unapinga, ambatisha nakala ya barua ya probesheni. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza na kusahihisha. Andika kwa maandishi, usiishie kwenye simu. Wakikaidi, hapo kuna mawakili wanaochukua kesi hizo bila kukutoza mwanzo, maana kampuni ikishindwa, sheria inailipisha gharama za wakili.

---

Kobe_wa_Nashua

Nafanya kazi Lowell ila naishi Nashua na kesi yangu ni ya huku New Hampshire. Natumia fomu hiyohiyo?

---

Mto_Merrimack

Hapana. Kinachoangaliwa ni mahakama iliyosikiliza kesi, siyo unapolala. New Hampshire wana utaratibu wao wa kubatilisha rekodi, wenye ada na masharti yake. Ndugu zetu wa New York, kwenu kuna sheria ya Clean Slate iliyoanza Novemba 2024: miaka 3 kwa makosa madogo na 8 kwa makubwa, mfumo unafungia wenyewe bila ombi, na mahakama zimepewa hadi miaka 3 kukamilisha kazi. Hilo la kufungiwa kimyakimya kwa mhamiaji lina hatari ileile. Nakala kwanza.

---

Chui_Mpole

Mdogo wangu alikuwa na miaka 19 alipokamatwa. Kuna mtu kaniambia yeye anaweza kufutiwa kabisa, siyo kufungiwa tu.

---

Mkalimani

Kweli, kuna kufuta rekodi yenyewe (expungement) tangu 2018, kwa kosa lililotendwa kabla ya kutimiza miaka 21, na mabadiliko ya mwishoni mwa 2020 yakaruhusu hadi rekodi mbili. Makosa mengi mazito hayamo. Ombi linaanzia kwa kamishna, mwendesha mashtaka anapewa nafasi ya kupinga, jaji anaamua. Kuna pia kufuta kwa aliyechanganywa na mtu mwingine au aliyeibiwa utambulisho, hiyo haina umri.

Ila kama si raia nasisitiza mara ya pili: kufuta ni kuharibu karatasi. Kwenye kufungia karatasi zimejificha, kwenye kufuta hazipo duniani. Uhamiaji bado watauliza, naye hatakuwa na cha kuonyesha zaidi ya nakala alizochukua kabla.

---

BintiMzizima

Kuna mahali pa kusaidiwa kujaza bure, pa halali?

---

Mto_Merrimack

Baadhi ya mahakama zina ofisi inayoitwa Court Service Center, Boston na Worcester zipo, wanakusaidia fomu bila malipo ingawa hawakupi ushauri wa kisheria. Greater Boston Legal Services wana mradi wa CORI kwa wenye kipato kidogo. Na tovuti ya MassLegalHelp ina maelezo ya hatua kwa hatua na fomu zenyewe. Mimi mwenyewe msinitumie PM niwajazie, si wakili na sitaki kuwa yule jamaa wa mamia ya dola.

---

MamaZamuYaUsiku

Kaka na @Mkalimani asanteni. Nimeshapata miadi na wakili wa uhamiaji kabla ya chochote. Swali la mwisho: Kiingereza changu cha kazini ni kizuri lakini cha kotini kinanikimbia. Nikienda kwa jaji nije na mwanangu anitafsirie?

---

Mkalimani

Usije na mtoto, hawatamkubali na si haki kumsikilizisha hayo. Mkalimani ni bure, mahakama ndiyo inamlipa, hata kwa ombi la kufungia. Siku unapopeleka karatasi kwa karani mwambie palepale unataka mkalimani wa Kiswahili, asiandike tu "African language" maana nimeshaona mtu kaletewa wa Kisomali. Na siku yenyewe ikifika ukaambiwa mkalimani hayupo, usikubali kuendelea ili kumaliza haraka. Omba tarehe nyingine.